Ilikuwa Ndege ya Mafunzo Tu?

Neno linaloniudhi ni "tu". Nimelisikia kwenye kahawa ya jioni pale Majengo, Dodoma, nimelisikia ukumbini kwa watu waliosoma kuliko mimi, na kila mara linakuja mwishoni mwa sentensi ileile: "Ile Fouga ya Katanga ilikuwa ndege ya mafunzo tu." Akishalitamka, msemaji hunyamaza ameridhika, jalada limefungwa. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo. Jeti iliyotajwa kuwa huenda iliishambulia ilikuwa ya kufundishia wanafunzi. Basi hakuna cha kuchunguza, rubani alikosea, tuzungumze mengine.

Sikubali. Na niseme mapema ninachokataa, nisije nikasingiziwa nisichokisema. Sisemi kwamba Fouga ndiyo iliyomuua Hammarskjöld. Hilo halijathibitishwa, na Mtanzania aliyelichunguza kwa miaka mingi kwa niaba ya Umoja wa Mataifa hajadai hivyo. Ninachokataa ni kulifanya jina la chombo kuwa ushahidi. Kuambiwa ndege "ni ya mafunzo" hakukuelezi inaweza kufanya nini. Kunakueleza tu aliyeiuza aliiandika vipi kwenye karatasi zake.

Tuanze na ndege yenyewe, maana wengi wanaoitetea kwa unyonge wake hawajui hata ilizaliwaje.

Fouga ilikuwa karakana ya mabehewa ya reli. Gaston Fouga aliifungua Béziers, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1920, na kazi yake ilikuwa kutengeneza na kukarabati mabehewa. Sisi wa Dodoma, mji uliozaliwa na reli, hatushindwi kuiona karakana ya namna hiyo: chuma, riveti za kugongwa kwa nyundo, mafundi wenye mikono myeusi kwa grisi. Baadaye kampuni ikaingia kwenye ndege zisizo na injini, zile zinazoelea kwa upepo, zikibuniwa na Robert Castello na Pierre Mauboussin. Herufi CM katika jina la ndege ni za wawili hao. Mwaka 1949 wakaipachika ndege ya namna hiyo injini ndogo ya jeti mgongoni, na ili moshi wa moto usiunguze mkia, mkia ukagawanywa pande mbili kama herufi V. Mkia huo ukahamia kwenye CM.170 Magister, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 23 Julai 1952 na kuingia kazini katika jeshi la anga la Ufaransa mwaka 1956.

Itazame kwa karibu. Ina mabawa marefu membamba yaliyorithiwa kutoka ndege za kuelea, na matangi ya mafuta kwenye ncha zake. Miguu yake ni mifupi hata mtu mzima akisimama kando anachungulia ndani ya chumba cha rubani bila ngazi ndefu. Ina injini mbili za Turbomeca Marboré, kila moja ikisukuma kwa nguvu ya kilo 400 hivi. Viti viwili vimefuatana: mwanafunzi mbele, mkufunzi nyuma, na kwa kuwa kiti cha nyuma hakikuinuliwa vya kutosha, mkufunzi aliwekewa periskopu ili aone mbele juu ya kichwa cha mwanafunzi wake. Mwendo wake unapita kilomita 700 kwa saa. Imejaa kila kitu, ina uzito wa tani tatu na kidogo.

Kwenye pua yake kuna bunduki mbili za rashasha. Chini ya mabawa kuna mahali pa kuning'iniza roketi na mabomu madogo. Vitu hivyo havikuongezwa na mamluki gizani. Viliwekwa na wabunifu kwa sababu rubani wa kivita hajafunzwa mpaka amefunzwa kulenga, kupiga, kukimbiza na kukimbizwa. Ndege inayofundisha vita ni lazima iweze vita. Watu wanaposema "mafunzo" wanaona kichwani gari la shule ya udereva lenye herufi L mgongoni. Wangeona bunduki ya kuruta, ingewasaidia zaidi: risasi yake haijui kama anayefyatua ni kuruta au sajenti.

Hata kabla ya Magister, historia ya jeti za mafunzo ilikuwa hivyo hivyo. T-33 ya Wamarekani, iliyoruka 1948, ilikuwa ndege ya kivita iliyorefushwa ikaongezwa kiti. MiG-15 ya viti viwili ya Wasovieti, 1949, vivyo hivyo. Vampire ya viti viwili ya Waingereza, 1950, vivyo hivyo. Sifa ya Magister ni kwamba ni miongoni mwa jeti za kwanza zilizochorwa tangu mstari wa kwanza kwa ajili ya kufundishia. Wapo wanaosema ndiyo ya kwanza kabisa, lakini Fokker S.14 ya Uholanzi iliitangulia kuruka kwa mwaka mzima. Magister iliipita kwa soko: zaidi ya 900 ziliundwa, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Finland na Israel.

Israel ndiyo iliyotoa somo ambalo wenzetu wa "tu" wanalisahau. Juni 1967 ilizifunga roketi ndege zake za shule na kuzipeleka mstari wa mbele, zikapiga vifaru na misafara Sinai na upande wa Jordan. Israel hiyohiyo ndiyo iliyoipatia Uganda ya miaka ya 1960 ndege za aina hii, kabla Idi Amin hajawafukuza Waisraeli mwaka 1972. Kwa hiyo Magister si kitu cha mbali kwetu. Iliwahi kupaa upande wa pili wa ziwa letu.

Lakini mfano unaonigusa zaidi hauhusu Magister. Aprili 1961, wavamizi walioandaliwa na Marekani waliposhuka Ghuba ya Nguruwe huko Cuba, ndege za mabomu za B-26 zilizokuja kuwasaidia zilikutana na T-33 chache za Fidel Castro. T-33, jeti ya kufundishia. Waliopanga uvamizi hawakuzipa uzito. Zikafungwa bunduki, zikapaa, zikaangusha B-26 moja baada ya nyingine. Kutoka hapo hadi Ndola ni miezi mitano. Yeyote aliyekaa Ndola au Salisbury, Harare ya leo, mwaka ule akachunguza ajali ya ndege kubwa ya propela, kisha akasema jeti ya mafunzo si ya kufikiriwa, alikuwa amefumba macho mbele ya gazeti la mwaka uleule.

Sasa twende Katanga.

Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alitangaza kujitenga kwa jimbo hilo la Kongo tarehe 11 Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru wa Kongo, nyuma yake wakiwa wenye migodi na maofisa wa Kibelgiji. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa katika ardhi hiyo tarehe 17 Januari 1961. Mwezi uliofuata, Februari, Magister tatu zikashushwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, zikiwa ndani ya tumbo la ndege kubwa ya mizigo. Mwezi huohuo, tarehe 21, Baraza la Usalama lilipitisha azimio la kuwataka mamluki na washauri wa kigeni waondoke Kongo. Ndege za "mafunzo" zilikuwa zimeshaingia. Kulikuwa na shule gani ya urubani Katanga iliyohitaji jeti kwa dharura hiyo? Neno "mafunzo" lilifanya kazi yake hapo, kazi ya kupitisha mzigo.

Moja ilianguka. Moja ikakwama mikononi mwa Umoja wa Mataifa mwishoni mwa Agosti. Ikabaki moja, ikijificha Kolwezi kwenye uwanja wa migodini, ikirushwa na rubani wa Kibelgiji. Mapigano yalipozuka tarehe 13 Septemba 1961, ndege hiyo moja ilitawala anga ya Katanga. Majeshi ya Umoja wa Mataifa hayakuwa na ndege hata moja ya kivita. Fouga iliharibu ndege zao za usafiri zilizoegeshwa viwanjani. Huko Jadotville, Likasi ya leo, kikosi cha Waairishi wapatao 150 chini ya Kamanda Pat Quinlan kilizingirwa siku tano bila maji ya kutosha. Fouga ikawa inakuja juu yao, inapiga magari yao, inaondoka. Msafara uliotumwa kuwaokoa ulikwama daraja la Lufira na jeti ileile ikaufuata huko. Tarehe 17 wakasalimu amri.

Ethiopia ilikuwa tayari kutoa jeti zake za kivita zikaizuie. Ili zifike Kongo zilihitaji kupita na kutua katika Afrika Mashariki iliyokuwa chini ya Mwingereza. Ruhusa ikacheleweshwa mpaka Hammarskjöld akafa. Nawauliza wenzangu: kama ilikuwa ya mafunzo tu, kwa nini kucheleweshwa kwa vibali vya kutua Entebbe, Uganda, kukawa jambo la kufa na kupona?

Ushahidi mzito zaidi kuliko wote ni njia aliyopita Hammarskjöld mwenyewe. Alikuwa anakwenda Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, kukutana na Tshombe ili mapigano yasimame. Kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, njia fupi ya kwenda Ndola inapita juu ya Katanga. Ndege yake, DC-6 iliyoitwa Albertina, haikuipita. Ilielekea mashariki mpaka Ziwa Tanganyika, ndipo ikageuka kusini, usiku, redio ikiwa kimya kwa saa kadhaa. Ng'ambo ya maji hayo ni Kigoma, na reli inayoanzia Kigoma ndiyo inayopita katikati ya mji wetu huu. Tanganyika ilikuwa imebakiza chini ya miezi mitatu kupata uhuru. Mtu aliyekuwa akizilinda nchi changa kama yetu alizunguka mamia ya kilomita mpaka mlangoni petu kwa kuihofia ndege moja ya mafunzo.

Watu wake waliijua hofu hiyo kwa sababu walikuwa wanashambuliwa nayo. Waliokuja baadaye wakaandika kwamba hofu ile haikuwa na msingi. Tuwaamini akina nani?

Hoja ya pili wanayoishika ni umbali. Fouga, wanasema, haina mafuta ya kutosha kutoka Kolwezi mpaka Ndola, ikangoja, ikashambulia, ikarudi. Nimeichukua ramani nikapima. Kolwezi mpaka Ndola ni kilomita 400 na ushei kwa mstari ulionyooka; kwenda na kurudi ni zaidi ya 800. Ndege hii husafiri kilomita 900 na kidogo kwa mafuta yake. Ni kweli, kwa safari hiyo ni kubana sana, karibu haiwezekani kungoja hewani. Nakubali bila kinyongo. Lakini nani alisema ni lazima itoke Kolwezi? Kipushi, pembezoni mwa Élisabethville, mpakani kabisa, ipo kilomita 200 hivi kutoka Ndola. Kutoka hapo hesabu inabadilika yote: kwenda na kurudi ni chini ya nusu ya uwezo wake, muda wa kungoja upo. Na ndege iliyorithi mabawa ya kuelea haihitaji lami ndefu ya kimataifa. Anayesema "haikuweza kufika" anapaswa kwanza athibitishe ililala wapi usiku ule. Jibu hilo halipatikani kwa kuangalia kitabu cha vipimo vya kiwandani.

Hoja ya tatu ni giza. Haina rada, wanasema, itampataje mwenzake usiku? Magister haikuwa na rada, kweli. Lakini Albertina haikuwa mwizi anayenyata. Ilikuwa ndege kubwa ya abiria yenye taa, inashuka polepole kuelekea uwanja unaojulikana, hali ya hewa nzuri, na Ndola nzima ilijua Katibu Mkuu anakuja. Tshombe yuko pale anangoja, wakubwa wa Kiingereza wako pale, waandishi wako pale. Rubani wa Albertina alizungumza na mnara muda mfupi baada ya saa sita usiku akasema anaziona taa za uwanja. Huhitaji rada kumpata mtu uliyeambiwa mlango atakaoingilia. Tena kuruka usiku na kwa kufuata vyombo ni somo katika shule yoyote ya urubani wa kijeshi, na ndege inayofundishia somo hilo ni ipi kama si ya mafunzo?

Nazijua hoja za upande wa pili zilizo na uzito, na sizikimbii. Rubani anaweza kuchoka. Anaweza kuusoma vibaya urefu wake kutoka ardhini, akagusa miti akidhani yuko salama juu. Ndege nyingi zimeanguka hivyo duniani, na uchunguzi wa kweli lazima uache mlango huo wazi. Lakini mlango huo haukuachwa wazi na mingine, uliachwa peke yake. Nahodha wa Albertina, Per Hallonquist, alikufa kwenye mabaki, hakuweza kusimama kujitetea, na mwaka 1962 tume ya uchunguzi ya Rhodesia ikamtwika lawama. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo haikukubali kufunga hivyo. Ilisema haiwezi kuondoa uwezekano wa shambulio. Miongo mingi baadaye watu wanaikumbuka ya kwanza, ya pili wameisahau.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linalonikosesha usingizi zaidi ya injini na matangi. Wachoma mkaa.

Katika pori la karibu na Ndola, usiku ule, walikuwapo Waafrika wanaochoma mkaa. Baadhi yao walisema waliona ndege zaidi ya moja angani. Walisema waliona mwanga, wakasikia mshindo. Tume ya Rhodesia iliwasikiliza ikawaweka kando, hawakuaminika. Harold Julien, mlinzi wa Kimarekani aliyetolewa hai kwenye mabaki na kuishi siku chache hospitalini, alizungumzia mlipuko na cheche angani. Naye akaambiwa ameweweseka kwa homa na dawa. Mabaki yenyewe, yaliyokuwa kilomita 15 hivi kutoka uwanjani, yalitangazwa kuonekana alasiri ya tarehe 18 hiyohiyo, saa kumi na tano baadaye.

Mjomba wangu amechoma mkaa maporini karibu na Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, tangu sijaanza shule. Nimelala naye kwenye tanuri mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo nizungumze kwa ninachokijua. Magogo yanapangwa, yanafunikwa majani mabichi, kisha udongo juu yake, unaacha matundu machache ya hewa. Ukishawasha, kazi yako ni moja: kutolala. Udongo ukipasuka mahali, hewa inaingia, na magogo ya wiki nzima yanageuka majivu kabla hujavaa kandambili. Kwa hiyo mchoma mkaa anakaa na koleo mkononi anatazama gizani. Anaangalia rangi ya moshi. Anasikiliza. Moshi ukiwa mweupe na mzito, bado kuni zina maji. Ukielekea kuwa wa bluu na mwembamba, mkaa unaiva. Usiku mzima mtu huyo hana redio, hana simu yenye chaji, hana la kufanya isipokuwa kuona na kusikia.

Mjomba anaijua treni ya zamani kwa mtetemo wa ardhi kabla haijapiga honi. Tangu ianze treni ya umeme mwaka 2024, anaitambua kwa mvumo unaopita upesi kama upepo kwenye majani. Anazijua ndege za usiku za Mwanza kwa njia yake na saa zake, na ikipita isiyo na ratiba anaitaja asubuhi kama habari. Mwezi wa tisa kwake ni kama mwezi wa tisa wa Ndola: kiangazi, miti imepukutika, anga limefunguka mpaka mbali. Ningetafuta shahidi wa kile kilichotokea angani saa sita usiku juu ya nyanda za juu kavu za Afrika, nisingeanza na karani aliyelala kwenye nyumba ya serikali. Ningeanza na mtu mwenye koleo kando ya tanuri.

Tume ilifanya kinyume. Na sisi, wajukuu wa watu walewale, tunarudia hukumu yake bila kujua tunarudia nini. Tunaposema "ilikuwa ndege ya mafunzo tu", tunasema pia kwamba wale wachoma mkaa waliota. Hakuna namna ya kusema la kwanza bila la pili.

Wapo watakaoniambia hayo ni mambo ya Wazungu na migodi yao, Dodoma inahusikaje? Waende Kongwa, ni safari ya asubuhi moja. Kwenye majengo yaliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza, kuanzia 1964 walipiga kambi wapiganaji wa ukombozi: FRELIMO, SWAPO, ANC, MPLA, ZAPU. Kundi la kwanza la SWAPO lililoingia Namibia kupigana lilitoka pale. Walikutana na nini angani walipofika? FRELIMO walikutana, pamoja na ndege nyingine za Ureno, na T-6, ndege ya mafunzo ya propela iliyofungwa mabomu. SWAPO walikutana na Impala. Impala ni nini? Ni MB-326, jeti ya mafunzo ya Italia iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1957. Agosti 1963 Baraza la Usalama liliziomba nchi zote zisiiuzie Afrika Kusini silaha. Katika muongo huohuo makaburu wakawa wanaiunda Impala nyumbani kwao kwa leseni ya Waitaliano, kisha wakatoa na ya kiti kimoja, ambayo haina hata mahali pa mwanafunzi kukaa. Ikapiga kaskazini mwa Namibia na kusini mwa Angola kwa miaka.

Neno lilelile likapita mpaka uleule wa makaratasi, na vijana waliokula ugali Kongwa wakalipia. Ndiyo maana siwezi kulisikia nikakaa kimya. Kwa wazee wa Kongwa waliowazika na kuwasindikiza wale vijana, ndege ya mafunzo haijawahi kuwa "tu".

Tuna sababu nyingine ya kulichukulia jambo hili kuwa letu. Tume ya Rhodesia iliyomlaumu rubani iliongozwa na John Clayden, Jaji Mkuu wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Mwaka 2015, Umoja wa Mataifa ulipoamua kulifukua upya, ulimweka mbele jaji mkuu mwingine, wa kwetu: Mohamed Chande Othman, aliyeongoza Mahakama ya Tanzania kuanzia mwishoni mwa 2010 mpaka Januari 2017. Kabla ya hapo alikuwa amewashitaki wauaji wa Rwanda mjini Arusha, kwa hiyo si mtu wa kubabaishwa na minong'ono. Kwanza aliongoza jopo la watatu, kisha tangu 2017 akateuliwa peke yake. Ametoa ripoti 2017, 2019, 2022 na 2024. Ameandika kwamba yaelekea inawezekana shambulio au tishio kutoka nje lilisababisha ajali. Amewachukulia mashahidi wa Kiafrika kama mashahidi. Na amesema mara kwa mara kwamba zipo nchi, Uingereza, Marekani na Afrika Kusini zikiwamo, zinazoaminika kuwa na kumbukumbu ambazo hazijazitoa zote.

Pima maneno yake: "yaelekea inawezekana". Ni maneno ya hakimu, yamepimwa kwenye mizani ya dhahabu. Anachokataa yeye ni kufunga jalada. Wanaolifunga ni wale wasiolisoma.

Na kwa nini hawalisomi? Nyaraka za Umoja wa Mataifa hutolewa kwa lugha sita, Kiswahili si mojawapo. Ripoti za jaji Mtanzania kuhusu ndege iliyopiga watu wa Likasi na Lubumbashi, watu wanaozungumza Kiswahili mpaka leo, hazisomeki kwa Kiswahili. Makao makuu ya Mahakama yako hapa Dodoma sasa. Bunge liko hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko pale kilimani kikiwa na wanafunzi wa sheria, wa historia na wa Kiswahili wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Natoa ombi la wazi: zitafsiriwe. Zote. Wanafunzi wa sheria wachambue namna ushahidi wa Waafrika ulivyokataliwa 1962, wa historia wapime viwanja vya Katanga kimoja kimoja, na Bunge liulize serikali zinazohusika, kwa jina, kumbukumbu zao ziko wapi. Mtu akishasoma zote akasema bado anaamini ni kosa la rubani, nitamheshimu na tutabishana vizuri. Nisiyeweza kumheshimu ni yule anayemaliza mjadala kwa silabi moja.

Mwezi uliopita nilikwenda Gulwe nikamweleza mjomba habari ya Ndola yote, kuanzia mabehewa ya Fouga mpaka cheche za Julien. Alinisikiliza huku akiziba ufa kwenye tanuri kwa mgongo wa koleo. Nikamuuliza kama mtu wa kazi yake, usiku, anaweza kweli kutofautisha ndege moja na mbili, au kujua kama moja inaifuata nyingine.

Hakuinua hata kichwa. "Mjomba," akasema, "mwewe akimfukuza kuku, mimi nahitaji kuambiwa na nani?"